Nani Ampishe Nani

Evarista alikuwa amefeli mara mbili, mbele ya mtu yule yule, kwa jambo lile lile.

Mtu mwenyewe ni Kapteni Makame, Mpemba mwembamba wa maneno machache, aliyeendesha meli za mizigo mpaka mvi zikamjaa, na sasa kazi yake ni kuwasaili vijana wanaotaka cheti cha uofisa wa meli. Mtihani wake ni wa mdomo. Unaingia, unakaa, mezani pana vijimeli vya mbao, yeye anavisogeza na kukuuliza. Na jambo lililomwangusha Evarista ni sheria za kupishana baharini. Nani ampishe nani.

Si kwamba hakuzijua. Ukimwamsha usingizini angekutajia zote bila kupiga miayo: chombo cha injini kinakipisha cha tanga, cha tanga kinakipisha kinachovua, kinachovua nacho kinakipisha kile kilichofungwa na kazi yake, kama kinachotandaza nyaya chini ya bahari, pamoja na kile kilichoharibika kikawa hakiongozeki tena. Lakini mara ya kwanza Kapteni alimwekea meli kubwa upande mmoja, na upande wa pili kijichombo cha tanga cha ukubwa wa kidole.

"Wewe ni huyu mkubwa. Mita mia na themanini. Huyu mdogo anakata mbele yako. Utafanyaje?"

Evarista akaitazama ile meli, akakitazama kile kidole, na kitu cha utotoni kikamtoka mdomoni kabla sheria haijafika.

"Naendelea, Kapteni. Yeye atapisha."

"Kwa nini?"

"Mimi mkubwa."

Alikulia Gulwe, wilaya ya Mpwapwa, mahali ambapo lori likija, baiskeli inaingia vichakani na mwenye baiskeli anashukuru. Hakuna aliyewahi kuuliza sheria inasemaje. Kapteni aliandika kitu, akamwambia aende akasome.

Akasoma, na mara ya pili alikwenda akiwa ameshiba maneno. Kapteni akakichukua kile kijichombo cha tanga, akakiweka nyuma ya meli.

"Upepo mzuri. Huyu wa tanga ana kasi kukushinda, anakuja nyuma yako, anataka kukupita. Nani ampishe mwenzake?"

"Mimi nampisha. Chombo cha injini kinakipisha chombo cha tanga."

"Kwa nini?"

"Sheria inasema hivyo, Kapteni."

Mzee akavua miwani, akaifuta kwa pembe ya shati. "Binti, wewe unaimba," akasema taratibu. "Mimi sikukuita kwaya." Anayempita mwenzake kutoka nyuma ndiye anayekaa mbali, awe wa tanga, awe wa makasia, awe nani. Hilo nalo lilikuwemo kwenye kitabu, na Evarista alikuwa amelipigia mstari kwa kalamu nyekundu.

Sasa ilibaki mara ya tatu. Akifeli hiyo, ni kurudi baharini miezi kumi na miwili kama mwanafunzi, kusafisha sitaha na kuitwa "wewe", ndipo aruhusiwe kukaa tena kwenye kile kiti. Na meli iliyomwekea nafasi ya ofisa wa tatu ingeondoka mwanzoni mwa Septemba, akiwemo au asiwemo. Wenye meli walimwandikia wazi, tena kwa adabu.

Barua ya mtihani ilipokuja aliisoma mara mbili. Tarehe ishirini na nane Agosti, saa nne asubuhi, Mtumba, Dodoma. Wasaili wangekuwa na vikao vyao huko wizarani wiki hiyo, na waliobakiza mitihani wawafuate huko huko. Evarista akacheka peke yake. Ameikimbia nyika kuifuata bahari, na bahari imepanda juu kumfuata nyikani.

Kwa hiyo akaenda nyumbani Gulwe wiki mbili kabla, ili asome kwa utulivu. Utulivu wenyewe aliukuta umelala barazani, mguu umefungwa plasta hadi pajani. Mdogo wake, Elieza, alikuwa ameanguka na pikipiki barabara ya Mpwapwa.

"Karibu, Nahodha," Elieza akamwambia. "Nimekutunzia kazi."

"Kazi gani?"

Mama yao, Penina, alikuwa anapepeta uwele. Hakuinua kichwa. "Ng'ombe arobaini na mmoja. Wa kuwapeleka majini sina. Magoti yangu unayajua."

"Mama, mimi nina mtihani."

"Najua. Vitabu vyako havinywi maji. Ng'ombe wanakunywa."

Yakaisha hapo.

Sasa, mto Kinyasungwe wakati wa kiangazi si mto wa kuona maji. Ni mchanga mtupu, mpana, mweupe, na maji yako chini yake. Watu wanachimba visima humo humo mchangani, mmoja anaingia shimoni na ndoo, wa juu anapokea na kumimina kwenye birika la udongo, ng'ombe wanakunywa kwa zamu. Kiangazi kikikaza, kundi linakunywa siku moja na kukosa siku inayofuata. Kutoka kijijini njia ya ng'ombe inateremka kati ya kingo mbili zilizoliwa na mvua za miaka, mpaka imekuwa kama handaki. Upana wake ni ng'ombe wawili, watatu wakibanana.

Evarista alizaliwa katikati ya ng'ombe, lakini ng'ombe walikuwa mambo ya baba na wavulana. Yeye aliteka maji ya nyumbani, na akiwa na miaka kumi na mitatu alikwenda bweni, hakurudi ila likizo. Mara ya kwanza aliwapeleka mapema, hakukutana na mtu. Akarudi kifua mbele.

Mara ya pili alichelewa kisimani. Alipoanza kupanda na kundi lake ng'ombe walikuwa wameshiba, matumbo yanacheza, wanatembea kizembe kama watu waliotoka harusini. Akiwa katikati ya handaki akasikia kengele. Kutoka juu lilikuwa linateremka kundi la mzee Ebenezer, jirani yao, mtu mfupi mwenye hasira za karibu, anayevaa jezi ya mpira iliyopauka na kutembea na redio ndogo shingoni. Ng'ombe wake walikuwa wameinamisha vichwa, wanakwenda kwa haraka ile ya mnyama aliyekwisha kusikia harufu ya maji.

"Panda!" Ebenezer akapaza sauti kutoka nyuma ya kundi. "Wapandishe juu!"

Pembeni ya Evarista ukingo ulikuwa umebomoka kidogo. Ng'ombe walioshiba wangepanda pale wakielekezwa. Lakini kichwani mwake kilifunguka kitabu: vyombo viwili vya injini vikikutana uso kwa uso, kila kimoja kinageukia kulia kwake. Akawasukumia ng'ombe wake kulia, wakaubana ukingo. Na kundi lake lilikuwa kubwa zaidi, hilo nalo akalihesabu.

"Kaa kulia, babu!" akaita. "Kulia kwako!"

"Kulia nini wewe? Panda!"

Wakafika. Ng'ombe wa Ebenezer hawakujua kulia wala kushoto. Walipita palipokuwa na maji mbele yake, na maji yalikuwa mbele, nyuma ya Evarista. Pembe zikagongana, vumbi likafunga kila kitu, ndama mmoja wa Ebenezer akaangushwa na kukanyagwa mguu. Kundi la Evarista likageuzwa lilikotoka, na makundi yote mawili yakamwagika mchangani kama kitu kimoja. Birika la kwanza lililokuwa njiani likapondwa, likabaki tope.

Kuwatenganisha kulichukua mpaka jua la saa tisa. Ndama alisimama, lakini akichechemea. Watu wa visimani walikuja kusaidia, na kusaidia kwao kulikuwa na vicheko ndani.

"Kumbe ndiye wewe unayesomea meli?" Ebenezer akasema, anapangusa vumbi kwenye redio. "Basi mimi meli sipandi. Nitakwenda kwa miguu."

"Samahani, babu."

"Samahani haishiki maji. Birika ulilovunja utalifinyanga."

Na wote waliokuwepo wakakubali kwamba ndivyo.

Jioni jua likiwa bado juu ya kilima, alimsimulia Elieza. Elieza alicheka mpaka akashika plasta kwa maumivu.

"Subiri, dada. Ulikuwa unakwenda majini, au unatoka?"

"Ninatoka."

"Unatoka. Halafu unashindania njia na mtu anayekwenda."

"Nilikuwa kulia kwangu."

"Kulia ni mambo ya barabarani. Ng'ombe aliyekunywa ukimwambia simama anasimama. Ukimwambia panda, anapanda. Mwenye kiu aliyekwisha kunusa maji, hata baba afufuke leo hamshiki. Sasa nani asimame hapo? Anayeweza kusimama."

Evarista alikuwa anachambua miiba kwenye kanga. Mkono ukasita. "Sema tena."

"Niseme nini?"

"Hilo la mwisho."

"Anayeweza kusimama ndiye asimame. Ah, dada, na hilo unaliandika?"

Alikuwa ameshafuata daftari ndani. Hakuandika sana. Alikaa na ile orodha yake aliyoizoea, cha injini, cha tanga, kinachovua, kilichofungwa na kazi, kilichoharibika, akaisoma polepole kama mtu anayesoma barua ya jamaa aliyedhani anamjua. Mwenye injini anaweza kusimama, kurudi nyuma, kugeuka atakako. Wa tanga anaomba upepo. Anayevua nyavu ziko majini, zimemshika mkia. Anayetandaza waya, waya umemshika. Aliyeharibika hana lolote. Haikuwa orodha ya wakubwa na wadogo. Ilikuwa orodha ya nani amebakiwa na uwezo kiasi gani mkononi.

Alikasirika kidogo. Miaka mitatu ya chuo, na haikumjia.

Siku tatu zilizofuata alishinda mtoni anafinyanga birika. Ni kazi ya kuchosha zaidi ya inavyoonekana: unaleta udongo wa kichuguu, unaukanda na maji na mavi ya ng'ombe, unajenga ukingo, unaacha ushike, unarudia. Katikati ya kushika na kurudia hakuna la kufanya ila kutazama. Basi akatazama makundi yakipishana.

Aliona kwamba mtu aliye ndani ya kisima, ana ndoo mkononi na mchanga unamtishia kichwani, hakuna anayempigia kelele asogee. Wanamzunguka. Siku ya pili ng'ombe wa mtu alishikwa na uchungu wa kuzaa katikati ya njia, akalala pale pale. Kundi lenye kiu ya siku mbili liliongozwa kupitia kwenye miiba, likachubuka, na mwenye kundi hakulalamika. Alimsalimu tu mwenye ng'ombe, "Mbukwa," akauliza kama ndama ametanguliza miguu ya mbele, akaendelea.

Siku ya tatu ndiyo ilimpa alilolihitaji. Alikuja mama mmoja anaitwa Hana, ana mbuzi wapatao thelathini, wepesi kama upepo, wana kiu mpaka wanalia. Mbele yao handakini maksai wa mtu walikuwa wanateremka taratibu, nao wana kiu. Mbuzi wangepita pembeni kwa kujibana. Hana akawazuia kwa fimbo, akapiga mluzi, akasubiri mpaka njia ilipotanuka mchangani, ndipo akawazungusha mbali na kuwapita.

"Mama," Evarista akamwambia alipofika kwenye birika, "shikamoo."

"Marahaba. Birika limeshika?"

"Linashika. Mama, kwa nini hukupita pale juu? Mbuzi wako wana kiu kuliko wale maksai."

Hana alimtazama kama anayetazama mtu aliyeuliza kwa nini uji unapikwa kwa maji. "Yule mwenye maksai ana macho kisogoni?"

"Hapana, mama."

"Mimi ndiye ninayemwona. Yeye hanioni. Sasa nimwachie yeye kazi ya kunikwepa?"

Evarista akaingiza mikono kwenye udongo tena, kwa sababu alikuwa karibu kucheka na hakutaka ionekane kama anamcheka mama wa watu.

Tarehe ishirini na nane alifika Mtumba kabla ya saa tatu. Alikuwa amepanda treni hadi Dodoma mjini siku iliyotangulia, akalala kwa rafiki wa mama. Huko Mtumba majengo ni mapya, barabara zimenyooka, na kati ya jengo na jengo bado ni nyika ile ile ya miiba na mawe. Upepo wa Agosti ulikuwa unapuliza vumbi jekundu juu ya magari ya wakubwa. Watumishi wamevaa masweta, wameshika vikombe vya chai. Evarista alikaa kwenye benchi la korido, kucha zina udongo ambao sabuni ilikuwa imeshindwa kuutoa.

Kapteni Makame alikuwa amevaa koti zito na skafu, midomo imepasuka, ameipaka mafuta ya mgando mpaka inang'aa.

"Kaa," akasema. "Huku kwenu hewa haina maji kabisa. Watu wanapumua nini?"

"Tunazoea, Kapteni."

Vijimeli vilikuwa kwenye boksi la viatu. Kimoja kilivunjika mlingoti safarini, akakisimamisha kwa kijiti cha kiberiti. Akaanza bila kupoteza muda. Meli kubwa, chombo cha tanga kinakata mbele. Evarista akapisha. "Mapema, na kwa mgeuko mkubwa aweze kuuona. Si kidogo kidogo."

"Kwa nini wewe?"

"Mimi naweza kusimama na kugeuka nitakako. Yeye anafuata upepo."

Kapteni akakihamisha chombo cha tanga nyuma ya meli.

"Anakuja nyuma yangu, anakaa mbali yeye. Ana tanga, hana tanga, yeye ndiye anayeniona. Mimi kazi yangu nisimyumbie."

"Hmm." Akasukuma meli kubwa katikati ya penseli mbili. "Huu ni mlango wa bandari. Mwembamba. Hii meli imeshuka sana majini kwa mzigo, nje ya mkondo inakwama. Sasa wewe ndiye wa tanga. Meli ina injini. Ikupishe?"

Hapo ile orodha aliyoiimba mwaka mzima ingemwambia ndiyo. "Nisiizuie," Evarista akasema. "Humo ndani mimi ndiye mwenye pa kwenda. Naweza kupita kwenye kina kidogo, yeye hawezi."

"Wakati wa mchana utaijuaje kama imebanwa na kina? Itatundika nini?"

Evarista akayapitia kichwani maumbo meusi yanayotundikwa mlingotini. Mipira miwili ni aliyeharibika. Mpira, almasi, mpira ni aliyefungwa na kazi. Na huyu? "Sikumbuki, Kapteni."

Kapteni akaandika. Kalamu ilichukua muda mrefu kuliko jibu. Evarista akatazama dirishani, akaona tu mti wa miiba na mfuko wa plastiki umenasa juu yake unapigapiga kama tanga, akajiambia, basi, miezi kumi na miwili.

"Swali la mwisho." Kapteni akaondoa vyote, akabakiza meli mbili za injini. "Huyu yuko kushoto kwako, mnakatana. Wajibu wa kupisha ni wake. Wewe una haki. Amekaribia, hapishi. Utafanyaje?"

Evarista hakuiona meli. Aliona handaki, na vumbi, na ndama anayesimama kwa miguu mitatu.

"Kwanza nashika njia yangu na mwendo wangu, ajue nitakuwa wapi. Nikiona ana mashaka au amelala, napiga honi mara tano, fupi fupi. Asiposikia, nageuka mimi. Na sigeuki kushoto, maana yeye yuko kushoto, nitamfuata alipo. Nageuka kulia, au nasimamisha."

"Na haki yako?"

"Nitaidai bandarini, Kapteni. Pale nataka tufike wote."

Mzee akaegemea kiti. "Hayo ya mwisho hayako kitabuni. Umeyapata wapi?"

"Gulwe."

"Gulwe kuna bahari?"

"Hapana. Kuna birika nililovunja."

Kapteni Makame akasubiri. Ikabidi amweleze, na kueleza kwa maneno matupu hakukutosha, ikabidi achukue vijimeli, avifanye ng'ombe, penseli ziwe kingo za handaki. Walioshiba huku, wenye kiu kule. Kapteni akasogea mbele, skafu ikaingia kwenye chai yake bila yeye kuona.

"Ngoja," akasema. "Huyu mwenye kiu. Akishakunywa na kugeuka kurudi nyumbani, bado anapishwa?"

"Hapana, Kapteni. Akishakunywa naye anakuwa wa kupisha. Ni ng'ombe yule yule."

"Basi na chombo cha tanga kikiwasha injini?"

"Kinakuwa cha injini. Hata tanga likiwa bado juu."

"Hata tanga likiwa bado juu," Kapteni akarudia, kama mtu anayeonja chumvi. Akavuta karatasi. "Ni silinda. Nyeusi, moja. Aliyebanwa na kina anatundika silinda. Usiisahau tena, mimi sitakuwepo kukukumbusha." Akatia sahihi, akaigeuza karatasi upande wa Evarista, akaanza kuvirudisha vijimeli kwenye boksi.

Evarista aliisoma karatasi akiwa amesimama, kisha akaisoma akiwa ameketi koridoni, kisha akampigia mama.

"Umepita?"

"Nimepita, mama."

Akasikia mama anamwambia Elieza, na Elieza anapiga plasta yake kwa fimbo kama ngoma. Mama akarudi kwenye simu, sauti imelowa kidogo. "Mungu mkubwa. Meli inaondoka lini?"

"Bado siku saba. Natakiwa niwe Dar es Salaam kesho kutwa."

"Basi kesho ng'ombe ni zamu yao ya maji. Wahi treni."

Kesho yake asubuhi aliwapeleka. Birika lake lilikuwa limekauka vizuri, lina alama za vidole vyake ukingoni, na ng'ombe wa mtu mwingine walikuwa wanalitumia. Akawanywesha wa kwao, akaanza kupanda. Katikati ya handaki akasikia kengele.

Safari hii hakusubiri kuambiwa. Alikwenda mbele ya kundi, akampandisha yule jike mkubwa mwenye pembe iliyopinda pale ukingo ulipobomoka, na wengine wakafuata mmoja mmoja, wazito, wakikoroma, mpaka wote arobaini na mmoja walikuwa juu, wamesimama wanatafuna. Yeye akasimama mbele yao na fimbo mabegani.

Ng'ombe wa Ebenezer wakapita chini, vichwa vimeinama, mbio. Ndama alikuwa katikati yao. Mguu ulikuwa bado unamsumbua, lakini alikuwa anawafikia wenzake. Nyuma kabisa akaja Ebenezer na redio yake, taarifa ya habari inasomwa kifuani.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba." Akasimama, akayatazama yale matumbo yaliyojaa pale juu, akamtazama Evarista. "Nasikia wamekupa meli."

"Wamenipa nafasi ndani yake."

"Hm. Baharini nako wanapisha hivi?"

"Hivi hivi, babu."

Ebenezer alipunguza sauti ya redio, jambo ambalo watu wa Gulwe hawajamwona akilifanya mara nyingi. "Sawa. Zamu nyingine nitawahi mimi. Nikikukuta unateremka na kiu, nitapanda hapo."

"Zamu nyingine sipo. Nitakuwa nimeondoka."

"Ah." Akafikiri kidogo, anakwangua udongo kwa fimbo. Chini mchangani ng'ombe wake walikuwa wameshafika, mlio wao wa kunywa ukasikika mpaka pale. "Basi nitampisha Elieza," akasema, akaongeza sauti ya redio, akateremka.

Evarista akangoja mpaka vumbi lilipotulia, ndipo akawashusha ng'ombe njiani, akawaelekeza nyumbani.